Mkandarasi wa Matengenezo Hupimwa Masika: Mwongozo kwa Wasimamizi na Wapangaji wa Nyumba za Umma

Ukitaka kujua kama paa la ghorofa limezibwa sawasawa, usilikague Januari. Subiri Aprili, mvua inyeshe usiku kucha, kisha asubuhi na mapema panda hadi ghorofa ya mwisho, piga hodi, umwombe mwenyeji akuonyeshe ndoo yake imekaa wapi. Ukiambiwa hakuna ndoo, mkandarasi wako alipwe na ashukuriwe. Ukiikuta palepale ilipokuwa mwaka jana, basi zile picha nzuri alizoambatanisha kwenye dai lake la malipo mwezi Septemba zilikuwa za rangi tu.

Mwongozo huu nimewaandikia watu wa aina mbili: msimamizi wa majengo ya umma anayedaiwa ripoti ya utendaji wa mkandarasi kila robo mwaka, na kamati ya wapangaji iliyochoka kuambiwa "fundi anakuja kesho". Mifano ni ya Dar es Salaam, ambako nilishika daftari la malalamiko ya majengo ya namna hiyo kwa miaka kadhaa. Anayeishi Michenzani kule Zanzibar au Mombasa hatapotea njia, maana hewa ya chumvi ni ileile.

Kwanza litambue jengo lako. Mjini Dar es Salaam yapo maghorofa yaliyotaifishwa mwaka 1971 yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lenyewe lilianza mwaka 1962. Majengo hayo yamekaa na upepo wa bahari zaidi ya nusu karne, kwa hiyo matengenezo yake ni zege linalobanduka na mabomba yaliyooza ndani ya ukuta. Upande wa pili kuna majengo kama ya Magomeni Kota, yaliyojengwa na Wakala wa Majengo kwa ajili ya kaya 644 na kuzinduliwa mwaka 2022. Kwa jengo jipya, maswali yako ya miaka ya mwanzo ni ya pampu, lifti, na kasoro za ujenzi wenyewe. Fomu moja ya kupimia haiwezi kutosha kote kuwili.

Hatua ya 1: Tenga kosa la mkandarasi na makosa ya wengine

Kabla hujampa mtu alama, soma mkataba wake na BOQ (orodha ya kazi na vifaa vilivyoagizwa, pamoja na viwango na bei zake) mstari kwa mstari. Nimewahi kuwa na jengo ambalo koki za jikoni zilibadilishwa mara tatu ndani ya mwaka. Wapangaji walimlaumu fundi, ofisi nayo ikamlaumu fundi. Tulipofungua BOQ tukaona tuliagiza wenyewe koki za bei ya chini kabisa, huku maji ya jengo yakitoka kwenye kisima chenye chumvi. Fundi alifunga alichoambiwa afunge.

Kwa hiyo kila kasoro iwekwe kwenye fungu lake. Lipo la kazi mbovu, mfano kiungo cha bomba kisichokazwa. Lipo la maelekezo mabovu, kama zile koki zetu. Halafu kuna uchakavu na matumizi: jengo limechoka, au mpangaji ametoboa ukuta akapitisha waya wa jiko la umeme kwenye saketi ya taa. Mkandarasi anapimwa kwa fungu la kwanza peke yake. Mafungu mengine mawili yapelekwe kwa wanaohusika, ingawa najua si rahisi kuiandikia barua ofisi yako mwenyewe.

Hatua ya 2: Karatasi

Hapa usikae sana. Kwa Tanzania hakikisha kampuni imesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na kwamba daraja lake (makandarasi wa majengo wamepangwa kuanzia la kwanza hadi la saba) linaruhusu kazi ya thamani hiyo. Anayegusa umeme awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, kwa jina lake, maana leseni ya bosi aliyebaki ofisini haimlindi mtu aliyeko juu ya ngazi. Uliza mikanda ya usalama kwa wanaofanya kazi nje ya ghorofa. Karatasi zikiwa safi, umejua tu kwamba anaruhusiwa kufanya kazi. Kama anaiweza, utajua mbele ya safari.

Hatua ya 3: Daftari lenye nyakati nne

Daftari la malalamiko ndilo kipimo chako kikuu, liwe la karatasi, la Excel au la kikundi cha WhatsApp kinachohamishiwa kwenye karatasi kila jioni. Kila lalamiko liwe na namba ya nyumba, sehemu yenyewe (usiandike "choo kinavuja", andika "choo, kiungo cha bomba chini ya tangi la kuflashi"), na nyakati nne: mpangaji aliporipoti, ofisi ilipotoa agizo la kazi, fundi alipopiga hodi, na mpangaji alipokubali kwamba kazi imeisha.

Wengi huandika ule wa kwanza na wa mwisho tu, halafu siku zote zilizo katikati wanamtwisha mkandarasi. Robo ya kwanza nilipozipanga nyakati zote nne niliona aibu. Siku nyingi zilipotelea mezani kwetu, agizo likisubiri saini ya mtu aliyekuwa safarini. Tangu hapo muda wa mkandarasi nilianza kuuhesabu kutoka siku aliyopokea agizo, na ule wa ofisi nikauweka kwenye safu yake, kwa wino mwekundu.

Kazi zipangwe kwa uzito, na uzito huo ukubaliwe ndani ya mkataba kabla kazi hazijaanza. Waya unaotoa cheche, bomba lililopasuka, maji taka yanayofurika na lifti iliyokwama na watu ndani ni dharura: hapo mnahesabu saa. Kuvuja kidogo, au taa za ngazi zilizokufa, mnahesabu siku. Kitasa na rangi vinaweza kusubiri wiki. Taa za ngazi, hata hivyo, usizidharau. Kwa mama anayerudi kutoka kazini saa tatu usiku, kinachomtisha kuliko bomba linalodondosha matone ni ngazi yenye giza.

Na jambo moja usilegeze: lalamiko linafungwa na mpangaji. Fundi akiandika "imekamilika" bila sahihi ya aliye ndani ya nyumba, bado liko wazi.

Hatua ya 4: Kagua kwa mikono yako

Huwezi kukagua kila kazi. Chagua chache kwa bahati nasibu kila mwezi, na usimwambie mkandarasi ni zipi.

Kwa paa la zege, jaribio la kuaminika ni maji. Ziba matundu ya kutolea maji, jaza kina cha sentimita tatu hivi, acha saa 24, kisha kagua dari ya nyumba za chini yake. Lakini kumbuka kwamba kina hicho ni kilo 30 kwa kila mita moja ya mraba. Jengo likiwa la zamani, muulize mhandisi kwanza, la sivyo utatafuta uvujaji uletewe maafa. Angalia pia pembeni: ile tabaka ya kuzuia maji inapaswa kupanda ukutani kama sentimita 15, isiishie kwenye kona ya sakafu. Kwa niliyoyaona, maji hupenya zaidi kwenye kona na kuzunguka mabomba yanayotoboa paa. Katikati ni nadra, na kwa bahati mbaya katikati ndiko mafundi hupaka kwa bidii.

Zege ndilo linalodanganya kuliko vyote. Chumvi ya bahari hupenya polepole hadi kwenye nondo, nondo inashika kutu, na kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma iliyotokana nacho. Basi zege linasukumwa kutoka ndani, linapasuka, na vipande vinadondoka kutoka chini ya baraza. Mkandarasi mvivu anachanganya saruji na mchanga, anabandika juu ya kidonda, anapaka rangi, na siku hiyo hutaona tofauti yoyote. Mwaka mmoja au miwili baadaye kile kibandiko kinaanguka kizimakizima. Kazi ya kweli ni kubomoa zege bovu hadi nyuma ya nondo, kusugua kutu yote mpaka chuma king'ae, kupaka kinga, kisha kurudishia kwa mchanganyiko maalumu wa kukarabati. Nondo iliyoliwa sana huongezewa nyingine. Dai picha zenye tarehe za kila hatua *kabla* ya kufunika, na iandikwe kwenye mkataba kwamba bila picha hakuna malipo. Kazi ikikauka, chukua nyundo ndogo ugonge taratibu sehemu yote. Palipokamata hutoa sauti kavu na fupi. Penye uwazi panalia kama mtungi mtupu, na hapo unachora duara kwa chaki.

Mabomba yana jaribio lisilo na gharama. Funga koki zote za nyumba, soma mita, kunywa chai, rudi baada ya nusu saa. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja. Bomba lililowekwa upya ndani ya ukuta lijaribiwe kwa presha kabla ya kupigwa lipu, nawe uwepo uone geji.

Maji taka simamia nje, kwenye chemba. Mwambie mtu amimine ndoo mbili ghorofa ya juu, wewe uangalie maji yanavyofika: yakija kwa kishindo na kupita, sawa; yakija yakizunguka na kupanda, bado kuna kizuizi mbele. Uliza pia taka zilizotolewa zilipelekwa wapi. Wapo wanaosukuma uchafu kwa waya kutoka chemba ya kwanza hadi ya pili, wanaandika "imezibuliwa", na baada ya wiki mbili wanaitwa tena na kulipwa tena. Anayeumia ni mpangaji wa chini, kwa kuwa uchafu wa jengo zima hupandia kwake.

Umeme usiufungue mwenyewe. Mwombe fundi mwenye leseni apime mbele yako kama ganda la waya bado linazuia umeme kuvuja, kwa megga (kifaa cha kupimia ukinzani) ya volti 500. Saketi ya kawaida ya nyumbani isipungue megaohmu 1, na afadhali iwe juu zaidi ya hapo. Unachoweza kukifanya wewe ni kubonyeza kitufe cha majaribio kwenye kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile cha miliampea 30. Kisipokata papo hapo, hakuna haja ya mjadala.

Rangi? Kwaruza kwa sarafu kwenye kona isiyoonekana. Ikitoka kama gamba la kitunguu, ukuta ulikuwa na unyevu au vumbi. Lipu mpya huhitaji kama wiki nne kukauka kabla ya kupakwa, na mkandarasi anayekimbizana na mwisho wa mwaka wa fedha mwezi Juni huwa hana wiki nne.

Kwa pampu na lifti, dai daftari la huduma. Kurasa zenye mwandiko mmoja na wino mmoja kwa miezi sita ziliandikwa siku moja.

Hatua ya 5: Ongea na wapangaji, na ujue namna ya kuwasikiliza

Wataalamu wa vyuo wana kipimo kiitwacho SERVQUAL, kilichotungwa Marekani na Parasuraman, Zeithaml na Berry katika miaka ya 1980. Kina maswali 22 katika maeneo matano: vitu vinavyoonekana, kutimiza ahadi, wepesi wa kuitikia, kuaminika kwa watendaji, na kumjali mteja. Unauliza mtu alitarajia nini, kisha alipata nini, na pengo la katikati ndilo alama. Ni kipimo chenye akili. Nilikijaribu mlangoni, na kufika nyumba ya tatu watu walikuwa wananikaribisha chai ili ninyamaze.

Kasoro yake kwetu haiko kwenye urefu tu. Mtu aliyesubiri miezi minane bomba lake litengenezwe hana tena matarajio. Siku likitengenezwa, hata kama limetengenezwa vibaya, atampa mkandarasi tano kwa tano na dua juu. Isitoshe, adabu zetu haziruhusu kumsema mtu mbele ya mgeni. Mzee mmoja wa ghorofa ya nne nilimwamkia, akaniitikia, nikamuuliza kuhusu paa. "Tunashukuru, mwanangu, si haba." Nyuma yake matone yalikuwa yanaingia kwenye beseni, ti, ti, ti. Hakunidanganya. Alikuwa ananistahi.

Kwa hiyo acha kuuliza watu *wanaonaje*. Waulize kilichotokea. Mimi nilibaki na maswali manne: Fundi alisema atakuja lini, akaja lini? Alipoondoka, uchafu alizoa nani? Tangu siku hiyo, umemwita fundi mwingine kwa pesa yako, na ulimlipa kiasi gani? Na tatizo likirudi kesho, utaripoti au utanyamaza?

Swali la tatu lina thamani kuliko mengine yote kwa pamoja. Mpangaji anayelipa kodi kwa umma, kisha anamlipa fundi wa mtaani arudie kazi ambayo umma umeshailipia, haonekani kwenye ripoti yoyote usipomuuliza. La nne linakulinda na furaha ya bure: malalamiko yakipungua ghafla, huenda jengo limepona, na huenda watu wamekata tamaa.

Anayeuliza asiwe mtu wa mkandarasi wala karani aliyempa kazi. Nyumba zichaguliwe kwa kura, ila ghorofa ya juu na ya chini zisikosekane, maana moja hunyeshewa na nyingine hufurikiwa, na za katikati huona kila kitu ni sawa. Nenda mchana pia. Jina kwenye mkataba wa upangaji laweza kuwa la baba anayeondoka alfajiri, wakati anayeijua kila koki inayolia usiku ni mama, au dada wa kazi.

Hatua ya 6: Hesabu, na uyape marudio uzito wake

Marudio ni tatizo lilelile, mahali palepale, ndani ya siku 90 baada ya kufungwa. Kwa paa, hesabu mpaka lipite masika moja zima. Uzito ninaoutumia ni huu: marudio alama 40, ukaguzi wa mikono 25, muda 20, wapangaji 15. Badilisha upendavyo, ila marudio yabaki juu.

Tuseme robo hii kulikuwa na kazi 60. Zilizofanyika ndani ya muda ni 48, yaani asilimia 80: alama 16 kati ya 20. Ulikagua 12, zikafaulu 9: alama 18.75 kati ya 25. Uliongea na wapangaji 20, na 14 hawakuhitaji fundi mwingine: alama 10.5 kati ya 15. Kazi 9 zilirudi, ambayo ni asilimia 15. Mimi hukata alama mbili kwa kila asilimia moja ya marudio, hivyo kwenye 40 anabaki na 10. Jumla ni 55.25.

Sasa ondoa marudio uone. Mkandarasi huyohuyo ana 45.25 kati ya 60, zaidi kidogo ya asilimia 75, na fomu ya kawaida ingemwita "mzuri" na kumwongezea mkataba.

Usiwalinganishe wakandarasi wawili kabla ya kutazama majengo yao. Aliyepewa ghorofa la mwaka 1965 hawezi kupimwa sawa na aliyepewa la juzi. Bora kumlinganisha kila mmoja na robo yake iliyopita.

Hatua ya 7: Mpelekee matokeo, saiti

Kikao kifanyike jengoni, mbele ya kazi zenyewe, daftari likiwa mkononi. Ofisini watu hutetea makaratasi. Chini ya baraza lenye duara la chaki mazungumzo huwa mafupi. Msikilize pia. Mkandarasi ambaye madai yake yamekaa miezi mitano bila malipo hana pesa ya saruji, na fundi wake mzuri ameshahamia kwa anayelipa Ijumaa. Hilo lisiandikwe kama udhaifu wake. Kila kasoro ya fungu lake ipewe tarehe ya kurekebishwa, kwa gharama zake, na sahihi ziwe mbili: yake na ya mwakilishi wa wapangaji.

Hatua ya 8: Kipindi cha matazamio

Silaha yako hapa ni zile fedha zinazozuiliwa kwenye malipo hadi kipindi cha matazamio kiishe, yaani ile miezi baada ya kazi kukamilika ambayo mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro zake. Tazama kalenda kabla ya kuukubali mkataba. Kazi ya paa ikikamilika Juni na matazamio yakawa miezi sita, yanaisha Desemba: paa limeonja vuli tu, na masika yatakapofika Machi mkandarasi ameshachukua chake. Kwa paa, kuta za nje na mifereji, dai miezi 12. Wiki chache kabla ya mwisho, zunguka na daftari, pitia kila kazi iliyowahi kurudi, gonga upya pale palipopigwa chaki. Kwa paa lililokamilika Juni, ukaguzi huo uweke wiki ya mwisho ya Mei, kabla watu hawajazirudisha ndoo zao bafuni.